Ukungu Upande wa Ndani

Ripeka aliuona ule ukungu Jumanne asubuhi, alipotoka kazini. Ulikuwa doa dogo kwenye kioo cha picha ya mwanawe, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai. Alilipitishia kidole, halikufutika. Akalisugua kwa mkono wa sweta, likabaki pale pale. Ukungu ulikuwa upande wa ndani.

Akavua viatu, akavuta pazia, akalala. Ndivyo alivyokuwa siku zile. Ungemwambia nyumba inaungua angekuuliza kama kuna haraka.

Mumewe, Rāwiri, alikuwa amefariki miezi tisa nyuma. Moyo ulimsimama akiwa anakata nyasi mbele ya nyumba, na mashine ikaendelea kunguruma peke yake mpaka jirani akaja kuizima. Tangu siku ile Ripeka hakulia na hakulala. Hapa Kawerau, mji wetu mdogo wa New Zealand, watu walimsifu kwamba ni mwanamke jasiri, kwa kuwa alihudumia wageni siku tatu za msiba bila kutoa chozi. Hakuwa jasiri. Alikuwa amekufa ganzi kuanzia utosini hadi unyayoni, na ganzi ile haikumtoka walipozika wala baada ya kuzika.

Kazi yake ilikuwa ya usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwageuza vitandani, akawabadilisha shuka, akawashika mikono waliokuwa wakiita watu waliokwisha kufa. Mchana alijilaza kwenye kochi la sebuleni, macho wazi, akisikiliza mbwa wa jirani. Chumba chao cha kulala kilikaa kimefungwa. Wifi yake, Huia, dada wa Rāwiri, ndiye aliyekifungua.

"Wifi, umekuwa kama shuka la hospitali," Huia alimwambia. "Nikikuanika uani watu wataniuliza nimekununua duka gani."

"Nimechoka tu."

"Aliyechoka analala. Wewe hulali. Sasa sikiliza, tutakutengenezea chumba cha kulala mchana, chumba kimetulia mpaka ukiingia unapiga miayo. Na hatununui kitu kipya, maana kaka yangu hakukuachia mgodi."

Huia alikuwa bingwa wa mitumba. Alijua kila duka la vitu vya mkono wa pili kutoka kwetu mpaka mji wa Rotorua, alijua siku wanayoshusha mzigo, na alijua muuzaji yupi anapunguza bei ukimsifia wajukuu. Kwa wiki tatu gari lake bovu halikupumzika. Kitanda cha mbao nyekundu kilitoka kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anahama. Kabati la droo nne walilipata kwa bei ya kutupa kwa sababu droo moja haikuwa na sakafu, Huia akaipigilia kipande cha plaiwudi. Walilipiga msasa nje kwenye nyasi siku mbili mfululizo, vumbi likawajaa kwenye nyusi, kisha wakalipaka rangi iliyobaki kwa mtu, rangi ambayo Huia aliiita maziwa ya juzi. Mapazia yalikuwa ya kijivu. Nyuma yake walishonea mablanketi ya sufi ili jua lisipenye hata uzi.

Mkaguzi wao alikuwa Bibi Mereana, shangazi yake Rāwiri, mzee wa sala katika ukoo. Alikuja na kiti chake cha kukunja, akaketi mlangoni na kutoa amri.

"Kitanda cha mtu mwingine sawa," alisema. "Godoro na mito, vipya. Kichwa hakilali palipolala kichwa usichokijua."

"Mito tumenunua, Bibi. Na hiki kikapu nakigeuza, natia balbu ndani, kinakuwa taa."

"Hicho si kilikuwa cha viazi?"

"Kilikuwa."

"Basi kirudishe kwenye viazi. Chombo cha chakula hakining'inizwi juu ya kichwa cha mtu. Ninyi mkipata vitu rahisi mnasahau mlikolelewa."

Jumamosi Bibi Mereana alichukua kikombe cha maji akapita chumba kizima. Alinyunyizia kitanda, akanyunyizia kila droo moja baada ya nyingine, mpaka pazia lilipata tone lake, na muda wote akisali kwa sauti ya chini isiyokatika. Baadaye walikula wote pale nje, mifupa ya nguruwe iliyochemshwa na mboga za majani, na mikate ya kukaanga, kwa sababu kwetu sala bila chakula haijafungwa. Vile vitu vya watu vikawa vitu vya kawaida, na Bibi akaenda zake.

Fremu ilikuja Jumatatu, baada ya sala.

"Ukutani, pale macho yanapotua ukiwa umelala, panatakiwa kitu kimoja tu," Huia alisema, akiisukuma mlangoni kwa goti. Ilikuwa nzito, ya mbao nyeusi, kioo chake kinene, na ndani yake karatasi ya maua yaliyofifia. "Hayo maua yanachosha. Weka unachokipenda."

Ripeka alikuwa na mtoto mmoja, Tiopira, mwenye miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya chuma upande wa magharibi wa Australia. Hapo niseme jambo ambalo mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kuvaa viatu: picha ya mtu aliye hai haikai pamoja na picha ya mtu aliyekufa. Sebuleni kwa Ripeka ukuta mmoja ulikuwa wa marehemu, Rāwiri akiwa wa mwisho kwenye mstari, na ukuta wa pili ulikuwa wa walio hai. Na hata huo wa pili ulimtia wasiwasi siku hizi, kwa kuwa kutoka pale Tiopira alikuwa akitazamana na baba yake uso kwa uso. Chumbani hapakuwa na picha ya marehemu hata mmoja. Aliona hapo ndipo mwanawe atakapokuwa salama kuliko popote.

Alilegeza misumari miwili ya chini, akaipenyeza picha ya Tiopira kati ya kioo na yale maua, akairudishia misumari. Hakuifungua fremu yote. Mtu mwingine angeifungua, walau apanguse vumbi. Ripeka hakuwa na hamu ya kuona nyuma ya kitu chochote. Na kumwita tena Bibi Mereana kwa ajili ya fremu aliona ni kumsumbua mzee.

Asubuhi iliyofuata alilala kwa saa tano bila kugeuka. Huia alipoambiwa alicheza jikoni.

*

Ukungu ulizidi. Wiki ya kwanza ulikuwa wa kikombe, wiki ya pili wa sahani. Ulikuja na kuondoka, ukapanuka na kunywea, polepole, na mtu mwenye akili timamu angejua mara moja kwamba anatazama pumzi. Ripeka alijua. Aliutazama jinsi alivyotazama wazee wake wakipumua kazini, akihesabu bila kutaka, mpaka usingizi ukamchukua.

Kisha kukawa na bonde kitandani. Aliamka saa tisa alasiri, akakuta upande wa pili wa godoro umebonyea urefu wa mtu, na shuka pale ni la baridi na lina unyevu. Harufu ilikuwepo pia. Hapa kwetu ardhi yenyewe hutoa harufu ya kiberiti na hakuna anayeisikia tena, lakini hii haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya sufi iliyoloa na tope la mtoni.

Rāwiri alikuwa mvuvi wa mikunga mtoni. Miaka ishirini na nne alirudi kitandani akinuka tope na sweta lililoloa, na miaka ishirini na nne Ripeka alimgombeza kwa hilo.

"Umerudi," alinong'ona.

Kulikuwa na sauti ya tone moja likianguka sakafuni, halafu jingine.

Hakuogopa. Nasema hivi waziwazi kwa kuwa kosa lilianzia hapo. Alifurahi, kwa kadiri mtu aliyekufa ganzi anavyoweza kufurahi, na akageuka akalala tena, mgongo wake ukielekea lile bonde, na ile baridi ikamtuliza kama kitambaa cha maji kwenye homa. Alijua kabisa kwamba Rāwiri hapaswi kuwepo. Siku ya mazishi wazee waliingia chumba kwa chumba wakisali na kukanyaga sakafu kwa nguvu, wakamfungulia marehemu njia, wakamsindikiza. Yeye mwenyewe alitembea nyuma yao. Ndiyo maana hakumwambia mtu.

Mwezi mzima ulipita hivyo. Ripeka alinenepa kidogo. Wazee kazini walimwambia amekuwa mzuri.

Jumapili Tiopira alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nzito na kila baada ya maneno machache alikohoa.

"Umeshikwa na mafua?" Ripeka aliuliza.

"Sijui ni nini, Mama. Kifua kimejaa. Naamka mto wote umeloa. Huku hakujanyesha tangu Pasaka, jamaa wananicheka, wanasema naoga usingizini."

"Umemwona daktari?"

"Kanipa vidonge. Mama, na ndoto. Kila siku hiyo hiyo. Nimesimama mbele ya dirisha, uso wangu umebanwa kwenye kioo. Ndani nakuona umelala. Nagonga, husikii. Na nyuma yangu yupo mtu amenikumbatia, amenibana, nikitoa pumzi anaichukua yeye."

Ripeka alitembea na simu mpaka chumbani.

"Mama?"

"Nipo."

"Hilo pazia la kijivu ulilitoa wapi?"

Alikuwa amesimama chumbani, simu sikioni. Alilitazama pazia. Hakuwahi kumtumia mwanawe picha ya chumba kile, na Tiopira hakuwahi kukiona.

"Shangazi yako ndiye aliyelishona," alisema. "Kunywa maji ya moto, mwanangu. Lala."

Alikata simu akaigeukia fremu. Ukungu ulifunika kioo chote sasa, na uso wa Tiopira ulionekana kwa vipande, jicho, kona ya kinywa. Lililotakiwa kufanywa lilikuwa dogo. Kuinyanyua kwenye msumari, kuitoa nje, kumpigia Bibi Mereana. Lakini akiitoa, bonde lile litakauka, na harufu ile itaondoka, na yeye atarudi kwenye kochi na mbwa wa jirani. Alisimama pale muda mrefu akijua uzito wa pande zote mbili.

"Kesho," alisema kwa sauti. Akapanda kitandani.

*

Kesho yake fremu ilikuwa bado ukutani, na usingizi haukuja haraka. Alilala chali gizani, giza lile la saa nne asubuhi walilolinunua kwa mablanketi, na nje gari la taka lilipita na watoto wa jirani wakagombana, sauti za mchana wa kawaida, na alipokuwa anazisikiliza zilianza kufifia moja moja mpaka zikabaki matone peke yake, tone kwenye sakafu, tone kwenye shuka, halafu sauti ya kitambaa kizito kinachokamuliwa, halafu godoro likashuka upande wa pili taratibu, kama linavyoshuka mtu anapojilaza kwa adabu asimwamshe mwenzake, na baridi ikamgusa bega, na pumzi, ya kwanza ya mtu mwingine aliyoisikia kwa masikio tangu aanze kulala mle, ikatoka kwa taabu, ikiwa na maji ndani yake. Alitaka kumshika. Miezi kumi hakumshika mtu asiye mgonjwa. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa, akafika kwenye kichwa, akakilaza kiganja juu yake kama alivyozoea, na vidole vyake vikazama kwenye nywele, nywele nyingi, ndefu, za mawimbi, zilizoloa na zenye mchanga, vikazama mpaka ngozini, na kichwa kile kikajisogeza kwenye kiganja chake kama kichwa cha mtoto.

Rāwiri alikuwa na upara.

Hapo ganzi ilimtoka. Ilimtoka yote kwa mpigo na hofu ya miezi kumi ikaingia mahali pake, akaanguka kutoka kitandani, akatambaa mpaka mlangoni. Simu ilikuwa inaita jikoni. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa hospitali huko Perth, Australia. Tiopira alikutwa kitandani kambini akishindwa kupumua, akaletwa kwa ndege. Mapafu yake yalikuwa na maji. Muuguzi aliuliza, kwa upole, kama kijana amewahi kuogelea siku za karibuni.

"Anakofanya kazi ni jangwani," Ripeka alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nauliza."

*

Bibi Mereana alisikiliza yote akiwa amesimama sebuleni, hakukubali kuketi. Huia alikuwa analia kimya kimya. Ripeka hakuficha kitu, alitaja hata ile "kesho" aliyoisema.

"Kaka yako alikuwa na nywele?" Bibi alimwuliza Huia.

"Bibi, kaka alianza upara akiwa na miaka ishirini na tano. Tulikuwa tunamwita yai."

"Basi si yeye. Yeye tulimsindikiza kwa miguu yetu." Akamgeukia Ripeka. "Chumba nilikisalia chote. Ni kitu gani kiliingia baada yangu?"

Ripeka alielekeza kidole.

"Hiyo nimeileta mimi," Huia alisema. "Fremu tu, Bibi."

"Ndani yake ulitazama?"

Huia akatikisa kichwa.

Waliilaza kifudifudi juu ya taulo, sakafuni, si mezani. Wengine wangekiita kitu kile jini, sisi tuna jina letu, na Bibi hakuliruhusu litajwe mle ndani. Alisali, na Huia akang'oa misumari kwa koleo. Ubao wa nyuma uliponyanyuka, ile harufu ilipanda ikajaa chumba. Chini ya ubao kulikuwa na picha ya zamani kwenye kadi ngumu, na mgongoni mwake mwandiko wa wino uliosambaa. Bibi aliusoma akiinamisha kichwa mpaka karibu na sakafu.

"Mwana wetu, miaka ishirini. Mto ulimchukua, haukumrudisha. Mama yake hazimi taa." Chini yake palikuwa na jina la familia na la kijiji kimoja cha pwani, kusini.

Bibi Mereana alifunga macho. "Hakuliliwa. Hakukuwa na mwili, nani angemlilia? Miaka yote hiyo anatafuta mama aliyelala, maana wake hakulala kamwe."

"Nilimweka Tiopira mbele yake," Ripeka alisema.

"Ulimweka mwanao kifuani pake. Mtu hai na mtu mfu, ndani ya kioo kimoja."

Karatasi ya maua ilikuwa imeoza ikawa ute. Hakukubaki kitu kati ya zile picha mbili. Zilikuwa zimegandana, uso wa yule kijana nyuma ya kichwa cha Tiopira. Huia alijaribu kona kwa ukucha na sikio la Tiopira likaanza kuchanika. Bibi akampiga mkono.

"Mtu hachanwi. Lete beseni."

Waliziloweka katika maji safi. Bibi alisali bila kupumzika, Huia alishika simu iliyounganishwa na hospitali, na Ripeka alipiga magoti akiwa ameshika kingo za beseni. Alisali pia, kwa maneno yake. Alisema achukuliwe usingizi wote, asilale tena maisha yake yote, apewe mtoto wake. Alisema kwa sauti na alimaanisha.

Picha ziliachana zenyewe. Ya Tiopira ilielea kwanza, nzima, akicheka vile vile na kofia yake ya kazi. Wakati huo huo simu ikasema kwamba kijana amefumbua macho na anaomba maji ya kunywa. Huia alikaa chini akalia kwa sauti.

Bibi Mereana ndiye aliyeinua picha ya pili. Sweta la sufi lilionekana vizuri, shingo ilionekana. Juu ya shingo palikuwa na karatasi nyeupe.

"Uso wake uko wapi?" aliuliza.

"Picha ya miaka mingi, Bibi. Imeyeyuka."

Bibi aliinama juu ya beseni akatazama kwa muda. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini.

Siku ya tatu waliipeleka ile fremu, picha ya yule kijana ikiwa ndani, kijijini kwao kusini. Wazee wawili wa familia waliipokea langoni, wakailaza juu ya mkeka, na wanawake wakamlilia yule kijana kutwa nzima kana kwamba amekufa jana, kisha wakaizika. Picha ya Tiopira ilikaushwa, ikatiwa kwenye fremu mpya ya dukani, ikasaliwa, ikarudi sebuleni kwenye ukuta wa walio hai. Kila mtu alikula. Ripeka alirudi kwenye kochi.

*

Tiopira alikuja nyumbani baada ya miezi miwili, kwa ajili ya kufunua jiwe la kaburi la baba yake, kama ilivyo desturi mwaka ukitimia. Ukoo wote ulikuwa umekusanyika kwenye jumba letu la mikutano, tunapolala wote siku za shughuli. Alishuka kwenye gari la Huia akiwa amekonda, nywele zake zimeota. Siku zote alikuwa akinyoa kipara kumtania baba yake.

"Umefuga nywele," Ripeka alisema.

"Hospitali hakuna kinyozi, Mama."

Aliinama. Waligusanisha pua na vipaji vya uso, wakavuta pumzi moja, kama tunavyosalimiana. Ripeka aliivuta pumzi ile mpaka mwisho wa kifua. Ilikuwa na tope la mtoni ndani yake, na sufi iliyoloa.

Hakurudi nyuma. Paji la uso la kijana lilikuwa baridi juu ya lake, na utulivu ukaanza kumshuka kutoka hapo, kichwani, mabegani, magotini, utulivu ule ule wa chumba chake. Alikuwa na miezi miwili hajalala.

Mchana, wakati watu wako jikoni wakimenya viazi, alijinyoosha kwenye moja ya magodoro yaliyopangwa ndani ya jumba. Kijana akaja akalala kwenye godoro la jirani, kwa adabu, bila kelele. Ripeka alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nywele zilikuwa na unyevu. Kichwa kikajisogeza kwenye kiganja.

Bibi Mereana alisimama mlangoni, kisu cha viazi mkononi.

"Mwanao amerudi mzima?" aliuliza taratibu.

"Amerudi, Bibi," Ripeka alisema, akafumba macho.

Jumatatu walirudi nyumbani. Kijana alikwenda moja kwa moja chumbani, akavuta lile pazia la kijivu. Ripeka alipita sebuleni kuweka mkoba, akasimama mbele ya ukuta wa walio hai. Kwenye picha ya Tiopira, katika fremu mpya, kulikuwa na doa la ukungu usawa wa mdomo. Lilikuja na kuondoka, likaja na kuondoka, haraka haraka, kama mtu anayeita.

Alichukua kitambaa cha vyombo akakifuta kioo kwa nje, vizuri, mpaka kwenye kona. Kisha akaenda chumbani akafunga mlango, na siku hiyo alilala kwa saa nane.